Kuhama kutoka kompyuta ya zamani: usikate, nakili

*Mtaalamu, habari za kazi. Nina laptopu niliyoitumia kwa miaka tisa, ina Windows 10. Juzi nimepata mpya yenye Windows 11. Kwenye ya zamani kuna picha za familia, nyaraka za kazi, barua pepe za Outlook, na hesabu za biashara yangu ndogo zilizo ndani ya programu ya uhasibu. Vyote kwa pamoja ni karibu GB 180. Nimeanza kuhamisha kwa flashi ya GB 32. Picha zinaingia vizuri, lakini video ya harusi ya GB 6 inakataa. Naambiwa faili ni kubwa mno, ilhali flashi ni tupu. Rafiki mmoja ananishauri nikate na kubandika badala ya kunakili, ili nijue kilichohama na kilichobaki. Mwingine anasema nichomoe diski ya zamani niiweke ndani ya kompyuta mpya, kila kitu kitakuja pamoja na programu zake. Mdogo wangu anaisubiri hii ya zamani. Nifanyeje nisipoteze kitu?*

Ndugu yangu, kabla hujasoma mbele: kama kuna kazi ya kukata na kubandika inayoendelea sasa hivi kwenye mashine yako, iache imalize, kisha usianzishe nyingine. Mengine yote tutayamaliza taratibu, lakini hilo haliwezi kusubiri.

Naelewa kwa nini ushauri wa kukata unavutia. Kilichoondoka kimeondoka, kilichobaki kinaonekana. Shida ni kwamba kati ya diski mbili tofauti hakuna "kuhama" kokote. Windows inanakili faili upande wa pili, halafu inaifuta ya kwanza, na inapofuta namna hiyo haiipitishi kwenye pipa la taka. Umeme ukikatika katikati, au flashi ikichomoka kwa bahati mbaya, unabaki na nusu huku na nusu kule. Baya zaidi, kwa saa au siku kadhaa picha zako za familia zinakuwa na nakala moja tu duniani, tena kwenye flashi, kifaa kidogo kuliko vyote na chepesi kuliko vyote kupotea. Nakili. Ya zamani ibaki kamili hadi mwisho kabisa. Ukilishika hilo tu, karibu kila kosa utakalofanya njiani litarekebishika.

Sasa video ya harusi. Flashi yako haijaharibika. Flashi nyingi za GB 32 hutoka kiwandani zikiwa zimefomatiwa kwa mpangilio unaoitwa FAT32, na mpangilio huo huandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32. Namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa biti 32 ni 4,294,967,295, nayo huhesabiwa kwa baiti, kwa hiyo faili moja haiwezi kuzidi GB 4, hata flashi ikiwa tupu kabisa. Faili elfu moja za MB 10 zitaingia. Moja ya GB 6 haitaingia. Ukitaka kuhakikisha, bofya flashi kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, utaona imeandikwa FAT32. Dawa ni kuifomati upya kwa exFAT au NTFS, mipangilio isiyo na kikomo hicho, lakini kufomati kunafuta kila kilichomo, kwa hiyo usiifomati huku ina picha ulizokwisha kuzikata kutoka laptopu! Zirudishe kwanza.

Hata hivyo, mimi nisingetumia flashi hiyo kwa kazi hii. GB 180 kwa flashi ya GB 32 ni safari sita au saba, na kila safari ni nafasi ya kusahau folda, kubandika mara mbili au kufunika faili mpya kwa ya zamani yenye jina lilelile. Tafuta diski ya nje, ya GB 500 au TB 1. Ya kuzunguka inatosha. Isiyozunguka, yaani SSD, ni ya haraka zaidi na haiogopi kudondoka. Ukiwa na diski hiyo, kazi inakuwa safari moja, na ukimaliza inabaki kuwa nakala yako ya akiba, kitu ambacho nina hakika hujawahi kuwa nacho kwa miaka hii tisa.

Ichomeke kwenye tundu la USB 3 kama laptopu ya zamani inalo. Mara nyingi ndani yake ni la buluu. Tofauti ni kubwa. Kwa USB 2 diski hupokea takriban MB 30 kwa sekunde, kwa hiyo GB 180 zitachukua karibu saa mbili mambo yakienda vizuri. Kwa USB 3 diski ya kuzunguka hufika MB 100 kwa sekunde, na muda unashuka hadi nusu saa hivi. Hayo ni mahesabu ya faili kubwa. Ukifika kwenye folda lenye maelfu ya faili ndogo ndogo utaona kasi inaporomoka, kwa sababu kila faili, hata ya KB 2, ina kazi yake ya kufunguliwa, kuandikwa na kufungwa. Usishtuke ukiona hivyo, na usichomoe.

Rafiki yako wa pili ana ukweli kidogo ndani ya kosa kubwa. Kuiweka diski ya zamani ndani ya kompyuta mpya mara nyingi hakuwezekani hata kimaumbile. Laptopu ya miaka tisa huenda ina diski ya inchi 2.5, na laptopu nyingi za sasa hazina nafasi ya diski hiyo. Hutumia kibao chembamba cha M.2, au hifadhi iliyochomelewa kabisa kwenye ubao. Tuseme ingeingia: ungekuwa umebeba Windows iliyopangwa kwa ajili ya vifaa vingine, na ni Windows 10, ambayo Microsoft ilikoma kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ungekuwa umenunua kompyuta mpya ili uendelee kuishi kwenye ya zamani.

Na programu hazihami kwa kunakiliwa. Programu inaposakinishwa huacha vipande vyake sehemu nyingi: folda yake, mipangilio kwenye rejista ya Windows, faili za mfumo inazotegemea, na leseni iliyofungwa kwenye mashine ile. Kunakili folda yake pekee ni sawa na kung'oa mlango na kuacha bawaba na fremu ukutani. Andika orodha ya programu unazozitumia kweli, tafuta namba za leseni sasa hivi ukiwa bado unaweza kuzifungua, kisha uzisakinishe upya. Orodha itakuwa fupi kuliko unavyodhani.

Ukweli ulio ndani ya ushauri wake ni huu: diski ya zamani inaweza kusomwa na kompyuta mpya kutoka nje, kwa kiunganishi cha SATA kwenda USB. Ni njia nzuri siku laptopu ya zamani inapokataa kuwaka huku diski yake ikiwa nzima. Windows itakuambia huna ruhusa ya kufungua folda ya mtumiaji wa zamani. Ukibofya Continue ukiwa na akaunti ya msimamizi itakupa ruhusa hiyo. Ila kuna kikwazo kimoja ambacho hakibofyeki, nacho ni usimbaji, yaani data kugeuzwa isisomeke bila ufunguo.

Hapa nakuomba usiniharakishe. Laptopu nyingi husimba diski zao zenyewe kwa BitLocker mara tu unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila mwenyewe kujua. Kila siku unapowasha, kompyuta inaifungua diski kimyakimya kwa ufunguo uliotunzwa ndani ya chipu yake. Siku diski hiyo inapochomekwa kwenye mashine nyingine, au ubao wa laptopu unapoungua, utaombwa ufunguo wa kurejesha, namba yenye tarakimu 48. Usipokuwa nao, hakuna fundi atakayeufungua, hata akikuapia. Kwa hiyo leo, laptopu ikiwa bado inawaka, tafuta neno BitLocker au Device encryption kwenye mipangilio. Kama umewashwa, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft mtandaoni, sehemu ya funguo za kurejesha, uiandike namba hiyo kwenye karatasi. Isiwe faili ndani ya diski ileile.

Tuje sasa kwenye kazi yenyewe. Watu huniuliza kuhusu waya na diski, lakini mara nyingi vitu havipotei njiani. Hupotea kwa sababu mwenyewe hakujua viko wapi, akaviacha nyuma, na mwezi mmoja baadaye kompyuta ya zamani ikafutwa.

Vitu vyako vingi viko kwenye folda moja: fungua diski C, halafu Users, halafu folda yenye jina lako. Ndani kuna Desktop, Documents, Downloads, Pictures, Music na Videos. Usiidharau Downloads, ndiko ziliko risiti, mikataba uliyotumiwa na vyeti ulivyopakua ukasema utavipanga kesho. Angalia pia kama kuna mtumiaji mwingine aliyewahi kuwa na akaunti kwenye mashine hiyo, kama kuna diski D, na kama kuna folda ulizoziunda mwenyewe moja kwa moja juu ya C. Kisha fanya ukaguzi mmoja wa mwisho: ukiwa juu ya diski C, andika kwenye kisanduku cha kutafutia *.docx, baadaye *.xlsx, *.pdf, *.jpg, *.mp4. Matokeo yatakuonyesha folda ambazo hukumbuki kwamba zipo. Hatua hii inachosha, na ndiyo inayookoa vitu vingi kuliko nyingine yoyote.

Ukiona alama ya wingu pembeni ya jina la faili, simama. Maana yake faili hiyo imehifadhiwa OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, na haiko kwenye laptopu yako. Kinachoonekana ni jina lake tu. Wakati mwingine Desktop na Documents zote zimehamia huko bila wewe kukumbuka kuruhusu, na njia yake inasomeka C:\Users\jina lako\OneDrive\Desktop. Si jambo baya, kwa maana faili hizo zitajitokeza zenyewe kwenye kompyuta mpya ukiingia kwa akaunti ileile. Ila kama unataka ziwemo kwenye diski ya nje, bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua Always keep on this device, usubiri zishuke zote.

Barua pepe zina mkanganyiko wake. Kama akaunti yako inakaa kwenye seva na unaisoma hata kwa simu, huna cha kuhamisha; ukiingiza anwani na nywila kwenye kompyuta mpya zitashuka zenyewe. Outlook huweka nakala ya kufanyia kazi kwenye faili inayoishia na .ost, na hiyo haina faida kuibeba. Kinachohitaji kubebwa ni .pst. Hizo ni barua zilizo kwenye kompyuta yako peke yake: za akaunti za mtindo wa zamani wa POP, au barua ulizozihamishia kwenye kumbukumbu ili kupunguza sanduku. Kawaida zimo Documents, kwenye folda iitwayo Outlook Files. Tafuta *.pst kwenye diski nzima, kwa sababu matoleo ya zamani yalizificha kwingine. Funga Outlook kabisa kabla ya kuzinakili. Faili iliyo wazi ama hukataa ama hunakiliwa ikiwa pungufu. Kwenye kompyuta mpya iweke kwanza kwenye diski ya ndani, ndipo uifungue kwa ile Outlook kamili ya Microsoft Office. Ile nyepesi inayokuja na Windows 11 si ya kuitegemea kwa kazi ya .pst.

Nywila za kivinjari nazo hazibebeki kwa kunakili folda. Chrome na ndugu zake huzisimba kwa ufunguo unaofungamana na akaunti yako ya Windows kwenye mashine ile, kwa hiyo ukibeba folda nzima utapata alamisho lakini si nywila. Washa usawazishaji kwa akaunti ya kivinjari, ama toa nywila kwa amri ya kivinjari chenyewe, ambayo hukupa faili ya CSV. Fahamu kwamba CSV hiyo inasomeka na yeyote atakayeifungua. Ikishaingizwa upande wa pili, ifute pande zote mbili, kwenye diski ya nje pia.

Hesabu za biashara ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko yote uliyoyataja. Picha ikipotea utasikitika. Hesabu zikiingia nusu utafanya maamuzi kwa namba za uongo. Programu za uhasibu huhifadhi data kwenye hifadhidata, na mara nyingi iko nje ya Documents, pengine kwenye folda iliyofichwa ya ProgramData. Usiiguse kwa mkono. Ndani ya programu yenyewe kuna amri ya kutengeneza nakala ya akiba. Itumie, ihifadhi faili inayotoka kwenye diski ya nje, sakinisha toleo lilelile kwenye kompyuta mpya, halafu tumia amri ya kurejesha. Kisha linganisha salio la benki, madeni ya wateja na jumla ya mauzo ya mwezi uliopita pande zote mbili. Zikitofautiana hata kwa senti, usiingize muamala wowote mpya hadi ujue sababu. Na tangu siku utakayoanza kuingiza kwenye mpya, usiingize tena kwenye ya zamani. Hesabu zilizogawanyika kwenye mashine mbili ni kazi ngumu kuziunganisha.

Kuna folda moja iliyofichwa, AppData, ndani ya folda yenye jina lako. Humo ndimo programu huweka mipangilio yake. Barua za Thunderbird ziko humo, na kama uliwahi kuhifadhi nakala ya iPhone kwa iTunes, nayo mara nyingi imo humo ikiwa imekula GB nyingi. Ibebe iwe akiba. Usiimwage juu ya AppData ya kompyuta mpya, utavuruga programu zilizosakinishwa upya.

Kunakili kwenyewe ni rahisi. Chomeka chaji, zuia kompyuta isilale, funga programu zote. Anza na visivyopatikana tena: picha na video za familia, halafu hesabu, halafu nyaraka, muziki mwishoni. Unaweza kuburuta folda moja moja kwa kipanya. Mimi kwa GB 180 ningetumia robocopy, chombo kilichomo ndani ya Windows tayari. Fungua Command Prompt uandike amri hii kwa mstari mmoja, ukibadilisha jina na herufi ya diski:

robocopy "C:\Users\Jina" "E:\Nakala\Jina" /E /XJ /R:1 /W:1 /LOG:E:\ripoti.txt

Hiyo /E inabeba folda zote hadi zilizo tupu. /XJ inaruka njia za mkato za mfumo ambazo zingeifanya izunguke bila mwisho. /R:1 na /W:1 zinaiambia ijaribu mara moja tu zaidi faili inapokataa, baada ya sekunde moja. Usipoziandika, kwa kawaida itajaribu mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na utadhani kompyuta imeganda. Dirisha litakaa kimya muda mrefu kwa sababu kila kitu kinaandikwa kwenye ripoti.txt. Ikikatika katikati, irudie amri ileile. Itaruka vilivyokwisha kufika na kuendelea. Jihadhari na mtu atakayekuambia uongeze /MIR. Hiyo inafuta kwenye diski ya nje kila kisichokuwepo kwenye chanzo, na ukikosea kupanga chanzo na mwisho unaweza kufuta ulichotaka kuokoa.

Ikiisha, fungua ripoti uangalie safu ya FAILED chini kabisa. Faili chache za AppData zilizokuwa zinatumika si tatizo. Picha au nyaraka zikiwemo, zinakili kwa mkono. Halafu bofya folda ya Pictures kwa kitufe cha kulia pande zote mbili, Properties, ulinganishe idadi ya faili na mstari wa Size. Usilinganishe Size on disk. Hiyo hutofautiana kati ya diski na diski hata faili zikiwa zilezile. Baada ya hapo fungua chache kwa macho yako: picha ya zamani kuliko zote, na video ya harusi, ukiiruka hadi katikati na hadi dakika za mwisho. Ukitaka uhakika wa kihesabu juu ya video hiyo, amri ya certutil -hashfile ikifuatwa na njia ya faili na neno SHA256 itakupa msururu wa herufi na namba. Pande zote mbili zikitoa msururu mmoja, hakuna hata biti moja iliyobadilika. Ukinakili kwa kipanya, tarehe ya kuundwa kwa faili itaonekana ni ya leo. Usijali, tarehe ya kubadilishwa inabaki, na tarehe ya kupigwa picha iko ndani ya picha yenyewe.

Toa diski kwa usalama kwa kuiondoa kwenye mfumo kwanza (Eject), uihamishie kwenye kompyuta mpya, na unakili yaliyomo Documents yaingie Documents, ya Pictures yaingie Pictures. Usijaribu kuifunika folda nzima ya mtumiaji mpya kwa ya zamani.

Huenda utasikia njia nyingine. Wingu ni zuri kwa nyaraka chache, lakini OneDrive bure ni GB 5, Google ni GB 15, na kupandisha GB 180 kwa intaneti ya Mbps 5 kunachukua zaidi ya siku tatu bila kusimama. Kuunganisha kompyuta mbili kwa Wi-Fi ya nyumbani kunawezekana, ila utatumia muda mwingi kwenye mipangilio ya ruhusa, na mwisho wake huna nakala ya tatu. Waya wa USB wenye vichwa viwili vya USB-A, vile bapa vya kawaida, usiuchomeke kati ya kompyuta mbili hata kwa kujaribu. Pande zote mbili zinatoa umeme na unaweza kuunguza tundu. Kuna waya maalumu wenye kifaa katikati kwa kazi hiyo, nao hufanya kazi, lakini kwa bei yake mimi ningenunua diski.

Sasa mambo ambayo yakitokea hutakiwi kuendelea peke yako. Ukisikia diski ya zamani inagonga au kusaga, ikitoweka na kurudi, kasi ikishuka hadi KB chache kwa sekunde na kubaki hapo, au ukipata ujumbe wa cyclic redundancy check kwa faili nyingi, zima kompyuta. Usiendeshe chkdsk; hiyo hutengeneza mpangilio wa faili, haiokoi data, na kwa diski inayokufa humaliza pumzi iliyobaki. Usiiweke kwenye friji, kuna watu bado wanashauri hivyo, na mvuke unaoganda ndani huharibu zaidi. Mpelekee fundi wa kurejesha data, umuulize swali moja kabla hujamwachia: je, utatengeneza nakala kamili ya diski kwanza na kufanya kazi juu ya nakala? Akisema ataanza kuifomati au kuifungua diski mezani pake, ichukue uondoke. Kwa upande wa uhasibu, kama hujawahi kurejesha nakala ya akiba, mpigie mhudumu wa programu kabla ya kuanza. Mara nyingi leseni inapaswa kuachiliwa kwenye mashine ya zamani ndipo ikubali kwenye mpya, na hilo halifanyiki mashine ikishafutwa.

Mdogo wako avumilie mwezi mmoja. Zima laptopu ya zamani, iweke kabatini, ufanye kazi zako zote kwenye mpya. Ndani ya mwezi huo utagundua ulichosahau, na kufunga hesabu za mwisho wa mwezi kutakuonyesha kama programu ya uhasibu imehama sawasawa. Muda ukiisha, hakikisha kila kitu kiko sehemu mbili, kwenye kompyuta mpya na kwenye diski ya nje. Toka kwenye akaunti zako kwenye laptopu ya zamani, achilia leseni zilizobaki, kisha nenda Settings, Update & Security, Recovery, Reset this PC, uchague Remove everything. Kwenye mipangilio ya ziada washa Clean data, isije ikafuta majina tu na kuacha faili zinazoweza kufufuliwa. Kwa diski ya kuzunguka kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo iwe kwenye chaji. Itajiwasha upya kwenye ukurasa wa kuchagua lugha. Usiweke akaunti yako hapo. Izime na umkabidhi na chaja yake, umwambie pia kwamba Windows 10 haipati tena masasisho ya kawaida ya usalama, kwa hiyo asiitumie kwa mambo ya benki kabla hajapata mfumo unaohudumiwa. Mashine ya miaka tisa kwa kawaida haikidhi masharti ya Windows 11, lakini Linux, mfumo endeshi mwingine, itaenda vizuri tu.